Sahani ya Yule Mnene

Kabla hamjajifunza kushika tumbo la mjamzito, jifunzeni kunyamaza mlangoni. Hilo sikulipata chuoni. Nilifundishwa na Mama Mkude, mkunga niliyemkuta kazini nilipopangiwa kituo cha afya kule juu Mgeta, mwanamke mfupi, mkali, mwepesi wa mikono na mzito wa kusamehe. Tulipotembelea nyumba za watu alikuwa akinishika kiwiko. Ukishakaribishwa, alisema, usiingie na maneno kama mtu wa mnada. Simama kidogo kimya. Mtu akishakuona anajipanga, anafunga kanga vizuri na kuficha anachotaka kuficha. Kabla hajajipanga ndipo unamwona alivyo.

Ninyi wajukuu zangu mna mashine za kusikilizia mapigo ya mtoto, unaweka tumboni na chumba kizima kinasikia. Mimi sina ugomvi na mashine. Sisi tulikuwa na ile pembe ya mbao, unainama mpaka shingo inauma, na ukiisahau kwenye nyumba ya watu ndiyo basi. Yangu niliwahi kuisahau kwa mama mmoja, nilipoirudia nikakuta wanaitumia kumiminia mafuta ya taa kwenye koroboi. Niliiosha kwa sabuni wiki nzima, na wajawazito wangu bado walikuwa wakiniuliza mbona nanuka jiko. Lakini pembe ilikulazimisha kuweka sikio kwenye tumbo la mtu na kukaa hapo. Ukikaa, unasikia na mengine.

Haya ninayowaandikia yalitokea mwishoni mwa utumishi wangu, si zamani. Wengi wenu mtakutana na wanawake wa namna hii kuliko nilivyokutana nao mimi, kwa hiyo someni mpaka mwisho, hata kama mtasema bibi kaanza kuona majini.

Salima alikuwa mtoto wa kule kule juu. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na Bi Sikuzani, dada mkubwa wa marehemu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo juu ya Salima neno la Bi Sikuzani lilikuwa la mwisho, na hata Hamisi, mumewe, alilijua hilo. Waliishi Dar. Hamisi alikuwa mtu wa malori ya mboga, anayapandisha kule matupu na kushusha karoti na kabichi. Salima alikuwa na duka la vitambaa. Na alikuwa mnene, mnene kweli, kama mama yake alivyokuwa. Akija kwenye msiba tulikuwa tunamtafutia benchi zima, naye alikuwa anacheka nasi. Watu walimpenda hivyo. Walisema ni mama yake mtupu.

Kilichomkosesha raha kilikuwa mtoto. Walikaa miaka mingi bila mimba, presha ikampanda, magoti yakaanza kumsumbua. Halafu mwaka mmoja hatukumwona. Alipopanda tena Mgeta alikuwa na mimba, na alikuwa nusu ya yule tuliyemjua. Ngozi ya mikono ilikuwa inaning'inia, shingo imekuwa nyembamba, na sauti ni ile ile nzito, ila sasa kama inatoka kwa mtu mwingine. Nilipomsikia akiongea nyuma yangu dukani niligeuka nikimtafuta Salima, nikamkosa, na alikuwa amesimama mbele yangu.

Kwenye bomba la maji wanawake walianza kuulizana. Mtu hapungui hivyo bure. Angekuwa mgonjwa asingeshika mimba. Sasa hiyo nusu nyingine kaiacha kwa nani? Swali hilo lilianza kama mzaha, na mzaha kule kwetu haukai siku nyingi kabla haujawa habari. Wakaanza kusema hakuiacha. Imemfuata. Mmoja aliapa kwamba Salima aliposhuka kwenye lori la mumewe, lori liliinuka mara mbili, mara ya kwanza aliposhuka yeye na mara ya pili baadaye, wakati hakuna aliyeshuka.

Bi Sikuzani alimfungia ndani. Msimlaumu, ndiyo desturi kwa mimba iliyosubiriwa sana, haitolewi mbele ya macho ya watu mpaka ikomae. Alimpa chumba cha nyuma, madirisha ya mbao yakafungwa. Mjue hali ya hewa ya huko. Saa nane mchana wingu linashuka, linaingia mpaka vyumbani, shuka zinalowa kitandani bila mvua. Chumba kile kilikuwa na giza la saa moja jioni siku nzima.

Nilipokwenda kumtembelea mara ya kwanza, Bi Sikuzani alinikaribisha kutoka jikoni akaniambia nipite tu. Nikafungua mlango, nikasimama kimya kama nilivyofundishwa. Salima alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Ubao wa sakafu ulilia chini ya mguu wangu. Akainua uso, akatabasamu, akasema shikamoo.

Hakunisalimia mimi. Alisalimia pembe ya chumba, upande wa kulia, palipokuwa na kitanda cha kamba kisicholaliwa na mtu. Alitazama pale kwa heshima, akingoja kuitikiwa. Mimi nilikuwa kushoto kwake, karibu ya kumgusa.

Niliitikia marahaba, na alishtuka mwili mzima. Bi Sikuzani alikuwa ameshafika nyuma yangu na bakuli. Aliniambia polepole, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida la nyumbani, kwamba nisijali, anamsalimia mwenzake.

Nikampima. Tumbo lilikuwa dogo kwa mimba yake, na kope za chini kwa ndani zilikuwa nyeupe, damu hamna. Nilipopandisha gauni nikaona alama tano tumboni, zimetawanyika. Bi Sikuzani akawahi kusema kwamba ni chale, alichanjwa Dar na mganga wa uzazi. Salima akaitikia kwa kichwa. Sasa ninyi mtaziona chale nyingi, kwa hiyo zijueni. Chale ni mikato midogo, mara nyingi huja pamoja, miwili au mitatu, na huwa myeusi kwa sababu ya masizi na dawa inayosuguliwa humo. Zile za Salima zilikuwa moja moja, kila moja pana kuliko ukucha, hazina weusi, na ngozi imejikunja kidogo katikati. Sikuwahi kuona mganga anayechanja hivyo. Lakini mbele ya mama yake mkubwa Salima asingesema kinyume, na mimi nisingemuuliza mara mbili jambo ambalo mkubwa wake ameshalijibu. Nikanyamaza, nikampa vidonge vya damu, nikaondoka na wasiwasi wangu.

Nilivyorudi mara nyingine nikakuta sahani mbili. Bi Sikuzani alikuwa akipakua ugali, maharage na mboga kwenye sahani ya Salima, kisha anapakua nyingine iliyojaa zaidi na kuiweka sakafuni karibu na kile kitanda cha kamba. Salima alikuwa anakula matonge matatu, manne, anasukuma sahani. Anasema ameshiba, na ukimlazimisha anatapika. Ile sahani nyingine ilikuwa inaachwa pale jioni, na asubuhi inakutwa tupu. Nilisema labda paka. Bi Sikuzani akaniambia paka halambi mpaka sahani ikang'aa na kisha akaifunika. Hamisi alipokuja na lori alikataa kulala chumba kile. Mtu mzima, dereva wa milima, alilala kwenye kichwa cha gari na baridi yote ile.

Nilimwomba Bi Sikuzani amlete kituoni, akamleta amemfunika kanga mpaka machoni. Wakakaa benchi na wengine. Salima alikuwa hajala, akaona kizunguzungu, na muuguzi mwenzangu akafanya lile tunalofanya wote, akamnunulia soda. Akanywa, akapata nguvu, tukaendelea na kazi. Baadaye kidogo nikasikia benchi limeanguka. Salima alikuwa amesimama, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anaongea kwa sauti nene inayovutika. Alikuwa anauliza nani amevaa viatu vyake. Viatu alikuwa amevivaa mwenyewe. Kisha magoti yakakatika.

Wajawazito walitoka mbio. Mmoja aliyekuwa anangoja kujifungua wiki hiyo, aliyekuwa akilalamika hawezi kuinua mguu, alipita dirishani. Bi Sikuzani peke yake hakuondoka. Aliketi chini, akaweka kichwa cha Salima mapajani, akasema, "Amekuja. Muacheni, atashuka."

Nilimchoma kidole nikapima sukari. Ilikuwa chini sana. Jamani, mtu katoka kunywa chupa nzima ya soda, sukari inashukaje? Nikapima tena, ikawa vile vile. Tulimwekea dripu akarudi, hakukumbuka kitu. Nikachukua futi kamba nikapima tumbo. Lilikuwa palepale lilipokuwa mwezi uliopita. Nikaweka mashine, moyo wa mtoto ulikuwa unapiga, mwepesi. Mtoto alikuwa hai na hakui.

Sasa mjue kilichokuwa kinakuja. Baada ya siku ile Bi Sikuzani alikata shauri. Alisema yule mnene amechoka kukaa pembeni, anamtaka Salima, na akimpata atampata pamoja na mtoto. Kwa hiyo Ijumaa Salima angepandishwa msituni, mahali wazee wa ukoo walipokuwa wakioshea watu, akae huko bila chakula, anyweshwe mizizi ya kusafisha tumbo mpaka huyo mwingine aondoke. Nilimsihi. Nilimwambia mwanamke asiye na damu, mwenye mtoto aliyeacha kukua, akifunga na kuhara, tutawazika wote wawili. Aliniambia kwa upole kwamba yeye alishamzika mama wa huyu, na hataki kumzika na binti kwa kukaa mikono mitupu. Hakuwa mjinga wala katili. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu ukimkemea anashika zaidi alichoshika.

Siku moja kabla ya Ijumaa nilikwenda tena. Bi Sikuzani alikuwa amekwenda kuchimba mizizi, na jirani ndiye aliyenikaribisha. Wingu lilikuwa limeshuka, ua wote mweupe. Kutoka kwenye veranda niliona gari la Hamisi kama kivuli. Nikafungua mlango wa chumba cha nyuma na kusimama, safari hii bila ubao kulia.

Salima alikuwa amepiga magoti, amekielekea kile kitanda cha kamba. Mkono mmoja ulikuwa ukipapasa sakafu mpaka ukaigusa ile sahani ya pili, iliyokuwa bado na chakula. Akachukua tonge dogo, akatafuna muda mrefu. Kisha akakiambia kile kitanda, kwa sauti ya mtu anayemwomba mwenye deni amvumilie:

"Usinikasirikie. Kilikuwa chako, najua. Lakini na huyu wa ndani ana njaa."

Nywele zilinisimama. Sioni aibu kuwaambia. Nimezalisha wanawake kwenye mvua, nimeshika maiti, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa sauti ile ya adabu. Nilitaka kurudi nyuma. Kilichonizuia ni ule mkono. Ulikuwa unapapasa. Mtu anayeona mizimu hapapasi sahani iliyo mbele ya goti lake.

Nikapunga mkono wangu mbele ya uso wake. Hakupepesa. Nikafungua dirisha, mwanga wa ukungu ukaingia, na papo hapo macho yake yakanikuta, akajifunika uso.

Alikuwa haoni gizani. Alikuwa anasikia mlango na nyayo, na chumba kile kilikuwa kinarudisha sauti kutoka upande wa kitanda, basi akawa anasalimia sauti inakotokea. Mwanzoni alidhani ni wageni. Halafu akasikia watu wakisema yule mnene yuko pembeni, na katika giza lile, kitanda na neti iliyofungwa juu yake vikawa na umbo. Akaamini kama wengine. Labda aliamini kuliko wote, kwa sababu yeye alikuwa anajua jambo ambalo wengine hawakulijua.

Nilikaa naye kwenye mkeka. Nikagusa zile alama kwa juu ya gauni nikamuuliza, mwanangu, nani aliingia humu? Akalia kwanza. Kisha akaniambia.

"Nilikatwa tumbo, mama. Ili nipungue. Wakanibakishia kidogo tu cha kuwekea chakula."

Alimwaga yote. Alikwenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na kwa Hamisi aliaga kwamba anafuata mzigo wa vitambaa. Aliporudi na vitundu akasema ni chale za uzazi. Chale zingesamehewa. Alichoogopa kusema ni kwamba aliukataa mwili wa mama yake, ule ambao Bi Sikuzani alikuwa akiutazama ukiingia mlangoni na kufurahi. Alipewa vitamini za kumeza maisha yake yote. Akazitupa alipopanda Mgeta, maana mtu anayemeza vidonge kila siku kule anajulikana ana nini, au watu wanadhani wanajua. Aliambiwa pia asubiri kabla ya kushika mimba, hakusubiri, alikuwa amesubiri vya kutosha. Na alikuwa na njaa. Matonge manne yakishuka kifua kinabana, lakini baada ya muda mfupi njaa inarudi, na hakuthubutu kuomba kwa sababu ameshasema ameshiba. Basi alikuwa akiila sahani ya yule mnene, kidogo kidogo, usiku kucha, kwa kupapasa.

Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, kwamba sahani ile ndiyo iliyomshikilia mtoto mpaka leo. Pili, kwamba lazima amwambie mama yake mkubwa kwa kinywa chake kabla jua halijazama, mimi siwezi kulisema badala yake. Akasema ataniua. Nikamjibu kwamba hatakuua, atalia, na wewe utalia, na mtoto atakula.

Bi Sikuzani alirudi na mizizi kwenye kikapu, bado ina udongo. Hamisi aliitwa ndani. Salima alisema yote ameinamisha kichwa, maneno machache. Hamisi alikaa kwenye kizingiti, akawa anarudia tu kwamba kumbe hukuniambia, kumbe hukuniambia.  Bi Sikuzani alitazama ile sahani sakafuni mpaka nikadhani hakusikia.

"Nilikuwa nampakulia mdogo wangu," akasema. "Nilijua ni yeye, mama yako, amekuja kukufuata."

Salima akasema, "Nilikula mimi, Mama Mkubwa."

"Basi afadhali ulikula."

Akamvuta, wakashikana, na mimi nikatoka nje kufuta pua yangu. Niliporudi alikuwa amekwisha kumwaga kikapu cha mizizi uani. Lakini alisema haiwezekani kumwondoa mtu nyumbani bila kumuaga, awe mdogo wake au huo mwili uliokatwa, yote kwake ilikuwa safari moja. Akasimama mbele ya kitanda cha kamba, akaongea Kiluguru kwa sauti ya chini, maneno ya kawaida tunayomwambia mgeni anayeondoka: umekaa nasi, tumekuona, nenda salama, sisi tutabaki na mtoto. Akafungua dirisha la pili.

Kamba za kitanda zililia, kisha zikapanda juu, kama zinavyopanda mtu mzito anapoinuka. Mimi niliona. Hamisi aliona, akatoka kizingitini haraka kupisha njia. Mtasema ni upepo wa dirisha. Semeni, mimi sitabishana nanyi, ila huo upepo haukugusa hata pazia.

Asubuhi Hamisi alitushusha mjini kwa lori, Salima katikati yetu, na begi lake miguuni. Kwenye hospitali tuliyokwenda daktari alikuwa binti mdogo, mtulivu, ambaye hakumgombeza mtu. Aliposikia neno upasuaji aliacha kuandika, akamuuliza ni wa aina gani, akaanza kutueleza, na mimi mkunga mzee nikasikiliza kama mwanafunzi. Njia ya chakula ikishakatwa na kuunganishwa upya, mwili haunyonyi vizuri chuma, wala vitamini za damu na za macho, hata kama mtu analala kwenye shamba la karoti. Sukari ya soda inashuka utumboni kwa kasi, moyo unakimbia, kisha mwili unaiteketeza yote na kupitiliza, mtu anaanguka. Ndiyo maana hakumpa hata yale maji ya sukari ya kupimia kisukari cha mimba. Alimpima kwa kidole, kabla na baada ya kula, kwa siku kadhaa.

Akamwandikia sindano za vitamini ya damu, chuma cha kwenye dripu, na vitamini ya macho kwa kipimo kidogo, akatuonya kwamba hiyo ikizidi inamdhuru mtoto, tusiongeze kwa huruma. Chakula mara sita kwa siku, kidogo, yai na dagaa na maharage kwanza, ugali baadaye. Tumbo likimuuma ghafla na lisiache, asingoje asubuhi, utumbo unaweza kujinyonga ndani. Hayo yaandikeni mahali mtakapoyaona. Na mkikutana na mama aliyepungua sana, mtafutieni nafasi ya peke yake, mwulizeni kwa maneno mepesi kama amewahi kukatwa tumboni. Wengi hawatakataa. Wanangoja tu chumba kiwe kitupu.

Nilistaafu mwezi huo, nikahamia kwenye nyumba yangu ya Bigwa, kando ya mji. Salima alikuja kukaa kwangu na Bi Sikuzani, maana mvua zilikuwa zimeanza na barabara ya juu haikuaminika. Bi Sikuzani alikuwa anampikia bila kuchoka, mara sita kama alivyoambiwa, na mara ya saba kwa kiburi chake. Tumbo lilianza kusogea. Macho ndiyo hatukuwa na hakika nayo. Jioni ikiingia Salima alikuwa anakaa pale alipo, hasogei, na tulipomuuliza kama kuna nafuu alisema ipo. Mimi sikumwamini. Alishazoea kutusemea tunachotaka kusikia.

Uchungu ulianza kabla ya siku zake. Tulimpeleka kwa bajaji, na pale hospitali nikajifunza kitu kipya uzeeni, kukaa benchi nje ya mlango wa leba. Maisha yangu yote nilikuwa upande wa ndani. Nilikuwa nikiwaambia ndugu watulie, na sasa mimi na Bi Sikuzani tulikuwa tumeshikana mikono kama watoto waliopotea sokoni. Nilijua kila sauti ya chumba kile na maana yake. Nikasikia sauti ya mkunga ikibadilika, nikasikia maji, nikasikia neno toka. Kisha kimya. Kimya cha pale ninakijua, na hakikuwa kifupi. Bi Sikuzani alianza kuomba. Mimi sikuweza hata hilo, nilikuwa nimekaza meno, nikisema moyoni lia, lia, lia.

Akalia. Sauti nyembamba, ya hasira.

Alikuwa msichana, mdogo, chini ya uzito tunaoutaka. Walimpa sindano yake ya vitamini ya kuzuia damu kutoka, wakampima sukari kisiginoni, kisha wakamfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto. Jioni ile tukaruhusiwa kuingia. Umeme ulikuwa umekatika, jua limeshazama nyuma ya mlima, na wodi ilikuwa na giza la kutosha mtu kujikwaa. Bi Sikuzani alipapasa ukingo wa kitanda ndipo akaketi. Mimi sikuona uso wa mtoto, niliona tu kifuko cha kanga kwenye kifua cha Salima.

Salima alikuwa ameinamisha kichwa, anamtazama. Nilisubiri kidogo, kimya, kwa mazoea.

"Mama," akaniambia, "hii alama ya hapa nyuma ya sikio ni ya kawaida? Ndogo, nyekundu. Na nyingine pale chini yake."

Hakuna aliyekuwa ametuambia habari ya alama. Nikawasha tochi ya simu, nikakunja kanga, nikatazama nyuma ya sikio la mtoto. Zilikuwa mbili, nyekundu, ndogo kuliko punje ya mtama, na Salima alikuwa ameziona gizani.